Kapigwa lakini kaondoka: kutatua matatizo ya risasi za kuwindia kulungu na koyoti

Kila Novemba, msimu wa kulungu unapopamba moto Marekani, malalamiko huwa yale yale. Kulungu kapigwa akatokomea. Bega zima limetupwa kwa sababu nyama imegeuka damu tupu. Ngozi ya koyoti, yule mbwa mwitu mdogo wa Amerika, imepasuka mgongoni. Bunduki iliyokuwa ikipiga vizuri mwaka jana sasa inatawanya. Anayelaumiwa kwanza ni mtengenezaji wa risasi, na mara nyingi anaonewa. Kabla hujamlaumu, soma boksi: je, hukumpiga kulungu kwa risasi ya koyoti, au koyoti kwa risasi ya kulungu?

Wanyama hawa wawili wanadai mambo yanayopingana. Kwa kulungu mkia-mweupe unataka kichwa cha risasi kiingie, kifunguke, kipasue mapafu yote mawili, kisha kitokee upande wa pili ili damu imwagike chini uifuate. Koyoti ana uzito wa kilo 9 hadi 20 tu, na kama unauza ngozi unataka tundu dogo la kuingilia, kichwa kivunjikie ndani, kisitokee kabisa. Kichwa kimoja kufanya kazi zote mbili vizuri ni jambo gumu. Hapo ndipo yanapoanzia mengi ya matatizo yaliyomo humu.

Humu nikisema "kichwa" nina maana ya kile kipande kinachoruka. Ganda la baruti, na fataki inayoiwasha, hubaki nyuma. Uzito wake hupimwa kwa greni, na greni 100 ni takriban gramu 6.5.

Sheria kwanza, kwa ufupi. Kila jimbo lina yake. Colorado inataka bunduki ya kulungu iwe na kipenyo kisichopungua .24 (yaani inchi 0.24; majina kama .223 au .243 hutokana na kipenyo hicho) na kichwa kinachofunguka chenye greni 70 au zaidi, kwa hiyo .223 hapo haina nafasi. Virginia inadai .23 kwenda juu. California ilipiga marufuku risasi zenye madini ya risasi katika uwindaji wote kuanzia tarehe 1 Julai 2019. Huko utatumia shaba. Kwa sisi wageni kuna la ziada: sheria ya shirikisho kwa kawaida inamkataza mwenye viza ya muda kumiliki hata risasi moja, isipokuwa awe na kibali kama leseni halali ya kuwinda. Mwenye makazi ya kudumu hafungwi na katazo hilo. Kama hali yako haieleweki, muulize mwanasheria wa uhamiaji, usimuulize muuza duka. Na kwa waliotoka Kenya, ambako uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977, huenda hii ndiyo mara yao ya kwanza kushika bunduki ya kuwindia. Kozi ya usalama wa wawindaji haina mbadala.

Kulungu kapigwa, kakimbia, damu haionekani

Hili ndilo linaloletwa kuliko yote, na lina sababu nyingi kuliko watu wanavyodhani. Usikimbilie kumfuata. Weka alama pale ulipopigia, tazama mti au jiwe lililo karibu na pale aliposimama, kisha nenda polepole ukaangalie chini.

Sababu ya kwanza, na ya kawaida kupita zote, ni kwamba hakupigwa pale ulipodhani. Ardhi itakwambia. Damu ya waridi yenye mapovu ni ya mapafu: subiri nusu saa, mara nyingi utamkuta si mbali. Damu nyekundu iliyoiva, karibu na nyeusi, yaweza kuwa ya ini. Mpe saa tatu au nne. Ukiona majimaji ya kijani au kahawia yenye harufu ya uchafu wa tumbo, au nywele nyeupe nyingi za chini ya tumbo, umempiga tumbo. Hapo ondoka kimya kimya kwa njia uliyojia na urudi baada ya saa nane hadi kumi na mbili. Ukimsukuma mapema atainuka alipolala na kwenda mbali, na hutampata tena. Joto likiwa kali nyama inaweza kuharibika katika kusubiri huko, mvua au theluji nayo inaweza kufuta alama, kwa hiyo hapo ni uamuzi wako na hakuna jibu moja.

Sababu ya pili: kichwa kimeingia lakini hakikutoka. Kulungu aliyepigwa juu kidogo ya katikati ya kifua, bila tundu upande wa pili, anajaza damu kifuani kabla hajamwaga tone. Rudi kwenye boksi. Ukikuta jina kama V-Max, au neno lolote linaloashiria wanyama waharibifu wadogo, au uzito wa greni 40 hadi 55 kwa .223, au greni 58 kwa .243, umepata jibu. Vichwa hivyo vyenyewe vimefunikwa ganda jembamba la shaba (si lile la baruti) na vina ncha ya plastiki; vimetengenezwa vilipuke vikigusa kitu chepesi. Vikikutana na bega la dume la kulungu vinaweza kuchimba shimo pana lisilo na kina, na kulungu akaondoka nalo.

Sababu ya tatu ni kinyume chake: kichwa kimepita kama sindano. Hii inatokea kwa risasi za mazoezi zilizofunikwa shaba kote, ambazo majimbo mengi yanazikataza kwa wanyama wakubwa. Inatokea pia kwa vichwa vya shaba tupu vikigonga vikiwa vimepungua kasi. Vichwa vingi vya madini ya risasi vyenye ncha laini vinahitaji kasi ya takriban mita 550 kwa sekunde ili vifunguke. Vya shaba vingi vinataka zaidi kidogo, karibu mita 600. Watengenezaji wengi wanaitaja kasi hiyo ya chini kwenye tovuti zao. Linganisha na jedwali la kasi la risasi yako kwa umbali uliopigia, na uchaguzi wa umbali wa mwisho utajifanya wenyewe.

Ya mwisho, na ambayo watu hupenda kuisingizia, ni kijiti. Ndiyo, tawi dogo linaweza kukipindisha kichwa. Nenda ukalione lile tawi lililokatika. Usipoliona, rudi kwenye sababu ya kwanza.

Dawa yenyewe haina siri. Kulungu akiwa amekupa ubavu, piga nyuma tu ya bega, theluthi moja ya kimo cha mwili ukihesabu kutoka chini. Tumia kichwa cha kawaida chenye ncha laini: greni 100 kwa .243, greni 130 kwa .270, greni 150 kwa .308. Risasi hizi za bei ya kawaida zimejaza friza za watu tangu babu zao. Vichwa vya gharama, vile vilivyounganishwa ganda na kiini au vya shaba tupu, vina maana zaidi pale unapotarajia kugonga mfupa au unapowinda mnyama mkubwa zaidi. Mwindaji Mmarekani John Nosler aliligundua hilo mwaka 1946 akiwinda moose, kulungu mkubwa kuliko wote, huko British Columbia, Kanada, vichwa vyake vilipovunjika begani bila kufika ndani. Akabuni kichwa chenye ukuta katikati: sehemu ya mbele inafunguka, ya nyuma inaendelea kupenya. Kilianza kuuzwa mwaka 1948 kwa jina la Partition na bado kinauzwa. Ila kulungu wa kilo 70 aliyekupa ubavu si moose.

*Acha, ita msaada:* alama zikiisha, usikanyage ovyo eneo lote na marafiki sita. Majimbo mengi yanaruhusu mbwa wa kufuata damu akiwa kwenye kamba, na wenye mbwa hao watakuomba kwanza kabisa usiharibu harufu. Kulungu akivuka mpaka wa shamba la mtu, omba ruhusa. Ukikataliwa mpigie askari wa wanyamapori wa eneo hilo. Usivuke uzio na bunduki mkononi kwa kisingizio kwamba mnyama ni wako.

Nyama ya bega imegeuka rojo

Kasi kubwa, umbali mfupi, kichwa laini, mfupa. Ukichanganya hayo manne utatupa kilo za nyama. Aghalabu mtu amepiga kwa .270 au .243 katika yadi 40 (mita 37 hivi), kichwa kikiwa bado na kasi ya zaidi ya mita 880 kwa sekunde, tena amelenga bega lenyewe.

Dawa ya bure ni kusogeza shabaha nyuma kidogo, kwenye mbavu. Ya pili ni kichwa kizito zaidi cha kipenyo hicho hicho, maana kinatoka taratibu zaidi. Ya tatu ni shaba tupu, ambayo hufunguka petali chache na kubaki na karibu uzito wake wote badala ya kutawanya vipande. Msituni ambako hupigi zaidi ya yadi 100, ile .30-30 ya tangu 1895 yenye kasi ya mita 670 tu bado inaacha nyama safi, ingawa vijana wanaicheka. Usiipeleke uwandani: ikiwa imepimwa, yaani darubini imepangwa igonge palipolengwa, katika yadi 100, itakuwa imeshuka sentimita 20 au zaidi ifikapo yadi 200.

Kama bunduki yako ya .30-30 ni ile yenye bomba la risasi chini ya mtutu, usiweke kamwe vichwa vyenye ncha kali ngumu. Ndani ya bomba ncha ya risasi moja inakaa juu ya fataki ya iliyo mbele yake, na teke la bunduki linatosha kuilipua. Tumia ncha bapa, au zile zenye ncha ya mpira zilizotengenezwa kwa ajili hiyo hasa.

Nyama yenyewe, kata pana kuzunguka jeraha. Usitosheke na kuondoa sehemu nyeusi tu. Mwaka 2008 huko North Dakota nyama ya kusaga ya kulungu iliyotolewa kwa benki za chakula iliondolewa baada ya kukutwa na vipande vidogo vya madini ya risasi, vingine vidogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Kama nyumbani kuna watoto au mjamzito, kwangu hiyo ni sababu tosha ya kuhamia shaba hata kama jimbo halikulazimishi.

Ngozi ya koyoti imepasuka

Ngozi ya koyoti ina thamani wakati wa baridi kali, Desemba hadi Februari, manyoya yakiwa mazito. Tundu la kutokea lenye ukubwa wa ngumi linaimaliza bei, na hakuna ushonaji wa kuirudisha.

Kwa kawaida chanzo ni risasi ya kulungu. Kichwa cha greni 100 hakipati upinzani wa kutosha ndani ya mnyama mdogo namna ile, kinaanza kufunguka ndipo kinatoka. Chanzo cha pili ni kupiga pembezoni: kichwa laini kikigusa mgongo au paja bila kuingia kifuani kinachana ngozi kwa urefu. Cha tatu ni mnyama kuwa karibu mno, yadi 20 au 30, baada ya kuitika filimbi ya kumwitia.

Jaribu kichwa chepesi, cha haraka, chenye ncha ya plastiki: greni 40 kwa .223, au .204 Ruger yenye greni 32 hadi 40. Lenga kifua anapokutazama, au nyuma ya bega akiwa ubavu. Wako pia wanaopenda kichwa kilichofunikwa kote ili kitoboe tundu dogo pande zote mbili. Sipendi shauri hilo. Koyoti aliyetobolewa hivyo mara nyingi anaenda kufia mbali, na vichwa hivyo hudunda vikigusa ardhi iliyoganda. Mashamba ya Marekani yana ng'ombe na nyumba nyuma ya kila kichaka.

Kama ngozi huihitaji, unalinda tu kondoo au kuku, sahau yote haya. Risasi ya kulungu itafanya kazi.

Koyoti anaanguka, anazunguka akiuma jeraha, kisha anaondoka

Mara nyingi amepigwa nyuma mno. Koyoti ana manyoya mengi na mwili mdogo ndani yake, na wengi hulenga katikati ya kile wanachokiona. Pili, kichwa laini sana kimelipuka juu ya bega kabla ya kuingia. Panda kutoka greni 40 hadi 50 au 55 kwa .223 na tatizo hilo hupungua sana. Papo hapo lakini, kazi yako ni moja: piga tena haraka, maadamu nyuma yake ni salama. Watu huanza kushangilia huku mnyama akijiinua.

Kwenye karatasi ya shabaha: risasi zinatawanyika, tundu ni refu, au hakuna tundu kabisa

*Zinatawanyika.* Anza na bisibisi. Skrubu za kushikilia darubini hulegea, na zile za kitako pia. Zikaze kwa nguvu iliyoandikwa na mtengenezaji. Halafu acha mtutu upoe kati ya mapigo, maana mtutu mwembamba wa kuwindia ukipigwa kumi mfululizo hauna haki ya kulaumiwa. Halafu safisha. Ukitoka kwenye vichwa vya kawaida kwenda vya shaba tupu, ondoa kwanza mabaki ya shaba ya zamani kwa dawa yake, kisha piga kadhaa kabla ya kuamua. Baada ya hapo ndipo ubadili aina ya risasi. Bunduki mbili za modeli moja zinaweza kupenda risasi tofauti, na anayekuhakikishia kwamba risasi fulani itaifaa bunduki yako bila kuijaribu anabahatisha.

*Tundu ni refu, kana kwamba risasi imeingia kwa ubavu.* Kichwa hakizunguki kwa kasi ya kutosha kukaa sawa hewani. Angalia namba iliyochongwa kwenye mtutu: 1:12 maana yake ni mzunguko mmoja kila inchi 12. Mitutu ya .223 ya 1:12 inapenda greni 55 kushuka chini. Ukiipa 75 au 77 itazitupa kiubavu. Hizo zinataka 1:8 au 1:7. Mitutu mingi ya .22-250 ni 1:14, na ndiyo maana inasumbua na vichwa virefu. Kumbuka shaba ni nyepesi kuliko madini ya risasi, kwa hiyo kichwa cha shaba chenye greni zile zile ni kirefu zaidi na kinahitaji mzunguko wa kasi zaidi. Usimpige mnyama kwa risasi inayotoboa karatasi kiubavu.

*Hakuna tundu.* Kama una hakika ulilenga karatasi, na hewani uliona mstari wa kijivu kama moshi, kichwa kimesambaratika njiani. Hutokea vichwa vyenye ganda jembamba sana vikitoka kwenye mtutu wa 1:7 kwa kasi kubwa. Badili kichwa.

Bunduki moja kwa wote wawili

"Nimeipima kwa risasi za koyoti, mbona kulungu nimemkosa?" Kwa sababu greni 58 na greni 100 kutoka .243 ile ile hazigongi mahali pamoja. Tofauti inaweza kuwa sentimita kadhaa katika yadi 100, na si juu au chini tu, hata kando.

Ipime kwa risasi ya kulungu, kisha piga tatu za koyoti bila kugusa darubini. Kama zimekaa karibu, andika tofauti kwenye kipande cha utepe ubandike kitakoni. Zikiwa mbali, chagua msimu: geuza darubini mara moja kulungu wakiisha, pima upya, na boksi la kulungu lirudi kabatini. Ninayemwona akihangaika ni yule anayebeba aina zote mbili kwenye mfuko mmoja wa koti.

Na kama unataka aina moja tu ya risasi mwaka mzima, chukua ya kulungu. Ngozi iliyopasuka ni hasara ya pesa. Kulungu anayekwenda kufa siku mbili baadaye kwa jeraha la juu juu ni jambo jingine.

Komeo gumu, mlio hafifu, au haikulipuka

Hapa huchunguzi, unaacha kupiga.

Ukibonyeza na isilipuke, shika bunduki ikielekea shabaha na subiri angalau dakika moja kabla ya kufungua. Fataki iliyochelewa huwaka baadaye. Ukisikia mlio mdogo usio na teke, usipige ya pili. Kichwa kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na risasi inayofuata itaupasua. Toa risasi zote, peleka kwa fundi wa bunduki.

Komeo, kile chuma kinachofunga chemba inamokaa risasi, likiwa gumu kufunguka, fataki imebapa au imetoboka, au ganda limepasuka, msukumo umezidi. Usilipige komeo kwa nyundo ya mpira ili umalizie siku. Sababu yaweza kuwa risasi za kujijazia mtu nyumbani (usizipokee hata za shemeji), maji au mafuta chembani, au risasi isiyo yake. Ile .300 Blackout inaweza kuingia kwenye chemba ya .223 na kufungiwa, kwa kuwa ganda lake limetokana na ganda hilo hilo. Ukifyatua, kichwa cha .30 kinalazimishwa kwenye mtutu wa .22 na bunduki inapasukia usoni mwako. Wenye bunduki zote mbili watenge hata meza ya kuzisafishia.

Fundi atataka vitu vitatu: bunduki ikiwa tupu, maganda yaliyopigwa siku hiyo, na boksi lenye namba ya toleo. Usitupe boksi.